Waliosema Kabla ya Kamera

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya kuchagua filamu moja ya hali halisi inayowatetea wanawake na wasichana wa Afrika, kisha tueleze ni watu gani waliokuwa nyuma ya filamu hiyo. Kwa kuwa nimezaliwa Kigali na ninasoma hapa hapa, nilichagua The Uncondemned, filamu iliyokamilishwa mwaka 2015 na Michele Mitchell na Nick Louvel. Inasimulia jinsi Jean-Paul Akayesu alivyohukumiwa mjini Arusha, na jinsi ubakaji ulivyotambuliwa katika hukumu hiyo kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Filamu hii iliwapa sauti wanawake wa Rwanda waliokuwa kimya." Mwalimu aliizungushia sentensi hiyo duara kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni swali fupi: "Walikuwa kimya lini?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio langu la kulitafuta. Nitaeleza kwanza yaliyotokea Taba, kisha kesi yenyewe, kisha lugha iliyotumika katika kesi hiyo, na mwishoni nitarudi kwenye filamu na watu walioitengeneza.

Mtu akitoka Kigali kwa basi kwenda Muhanga au Huye, anavuka mto Nyabarongo, halafu barabara inaanza kupanda milima ya Kamonyi. Katika eneo hilo ndipo ilipokuwa komini ya Taba, mkoa wa zamani wa Gitarama. Nimepita pale mara nyingi nikiwa nimelala dirishani. Mwaka 1994 kiongozi wa komini hiyo, ambaye kwa Kinyarwanda tulimwita burugumesitiri, alikuwa Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na alishika uongozi wa komini Aprili 1993. Watu walimheshimu. Mahakama yenyewe iliandika kwamba katika siku za kwanza za mauaji alijaribu kuyazuia katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili 1994 viongozi wa serikali ya mpito walikutana na maburugumesitiri wa mkoa wa Gitarama. Baada ya mkutano huo Akayesu alibadilika. Mahakama ilikubali kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba kati ya tarehe 7 Aprili na mwisho wa Juni mwaka huo.

Wanawake wengi wa Kitutsi walikimbilia ofisi ya komini, kwa sababu kwa kawaida mtu aliye hatarini hukimbilia kwa mkubwa wa serikali. Pale hawakupata hifadhi. Walipigwa, na wengi walibakwa mara kwa mara na Interahamwe, ndani ya uwanja wa ofisi, karibu nao, na katika jengo la kituo cha utamaduni lililokuwa jirani. Burugumesitiri alikuwapo. Aliyaona, hakuyazuia, na mahakama iliona kwamba maneno yake yaliwatia moyo waliokuwa wakiyatenda.

Kuhusu nchi nzima, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, René Degni-Ségui, alikadiria mapema mwaka 1996 kwamba wanawake waliobakwa walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Mwezi Septemba mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoandikwa na Binaifer Nowrojee, mwanasheria kutoka Kenya, ambayo ilijaa maelezo ya wanawake wenyewe. Ninataja tarehe hizi kwa sababu ya lile swali la pembeni. Mwaka 1996 wanawake walikuwa tayari wamesema. Walimwambia kila aliyekuja na kuwauliza.

Hapa Taba alikuwapo pia mtu wa kuwakusanya. Godeliève Mukasarasi alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii, Mhutu aliyeolewa na Mtutsi. Mwishoni mwa 1994, wakati watu wengi hawajui hata watalala wapi, alianzisha chama cha SEVOTA kwa ajili ya wajane na yatima. Wanawake walikutana, wakalima, wakalia pamoja, na polepole wakaanza kuambiana yaliyowapata. Wapelelezi wa mahakama walipofika Taba kutafuta mashahidi, walipitia kwake. Bei aliyoilipa ilikuwa kubwa: mwezi Desemba 1996 mume wake na binti yake waliuawa katika shambulio. Hata hivyo hakuwaambia wenzake wanyamaze. Mwaka 2018 Marekani ilimpa tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri, lakini wakati huo kazi yake ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka ishirini.

Sasa nije kwenye mahakama. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Vikao vilikuwa Arusha, nchini Tanzania, na ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa hapa Kigali. Akayesu alikamatwa Zambia Oktoba 1995, na kesi yake ilianza kusikilizwa Januari 1997 mbele ya majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal aliyekuwa kiongozi wa jopo, Lennart Aspegren wa Sweden, na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Waendesha mashtaka waliosimama mahakamani walikuwa vijana, Pierre-Richard Prosper na Sara Darehshori, wote kutoka Marekani.

Jambo lililonishangaza zaidi katika utafiti wangu ni hili: hati ya kwanza ya mashtaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Ilikuwa na mauaji, uchochezi na mateso. Ubakaji haukuwamo, ingawa ripoti nilizozitaja zilikuwa zimeshachapishwa kabla ya kesi kuanza.

Mapema mwaka 1997 alisimama shahidi aliyeitwa kwa herufi J. Aliitwa kueleza mauaji. Katikati ya maelezo yake alisema kwamba Interahamwe watatu walimbaka binti yake, mtoto wa miaka sita, na kwamba alisikia wasichana wengine walibakwa katika ofisi ya komini. Baada yake alikuja shahidi H. Naye alisema alibakwa katika shamba la mtama, na kwamba kwa macho yake aliwaona wanawake wengine wakibakwa karibu na ofisi ya komini. Majaji waliuliza maswali zaidi. Pillay, aliyekuwa mwanamke peke yake katika jopo hilo, anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyehakikisha jambo hilo halipiti hivi hivi.

Tuangalie mpangilio wa mambo. Hakuna wakili aliyeingia siku hiyo akiwa na mpango wa kubadilisha sheria ya dunia. Mama mmoja aliulizwa jambo moja, akajibu na jingine ambalo kwake lilikuwa kubwa zaidi. Baada ya hapo upelelezi uliendelea, mashirika ya wanawake kutoka nchi mbalimbali yaliiandikia mahakama yakiiomba iangalie suala hilo, na mwezi Juni 1997 hati ya mashtaka ilibadilishwa. Yaliongezwa mashtaka matatu, la 13 hadi la 15, yanayohusu ukatili wa kingono. Kesi iliporudi mwezi Oktoba, wanawake wengine wa Taba walikwenda Arusha. Walijulikana kwa herufi mbili mbili: JJ, KK, NN, OO, PP. Walikaa nyuma ya pazia wasionekane na watu waliohudhuria, lakini mshtakiwa alikuwa mle mle ukumbini, akiwasikiliza.

Kwa sisi tunaosoma lugha, sehemu ya hukumu ambayo haipaswi kurukwa ni ile inayozungumzia maneno. Mashahidi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yalikwenda kwanza kwenye Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenye Kiingereza. Mahakama ilimwita Mathias Ruzindana, mtaalamu wa isimu kutoka chuo kikuu cha Rwanda, aeleze matumizi ya lugha yetu, na iliwauliza wakalimani wake maana ya maneno kadhaa. Ilibainika kwamba mashahidi walitumia maneno manne tofauti kwa tendo lile lile: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyakaribia mawili ya mwisho bila kamusi. Kuryamana ni kulala pamoja. Gufata ku ngufu ni kushika kwa nguvu. Moja linaficha, jingine linafichua, na yote mawili yalisemwa na wanawake wale wale.

Nilimuuliza mama yangu ni neno gani lilitumika wakati wa ujana wake. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema kwamba neno lenyewe halisemwi. Unasema tu kwamba mambo yalimpata, na anayesikia anaelewa. Nikamuuliza kama anayesikia anaelewa kila mara. Akasema, "Asiyetaka kuelewa haelewi, hata ukimtajia."

Jibu hilo lilinisaidia kuelewa hukumu kuliko vitabu nilivyosoma. Majaji wangeweza kusema kwamba shahidi aliyesema "kulala" hakusema "kubakwa". Hawakufanya hivyo. Walichunguza lugha, wakakubali kwamba maneno yale yote, katika mazingira yale, yalimaanisha ubakaji.

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Akayesu alipatikana na hatia katika mashtaka tisa kati ya 15, yakiwemo mauaji ya kimbari na ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tarehe 2 Oktoba alipewa kifungo cha maisha, na rufaa yake ilikataliwa tarehe 1 Juni 2001. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi, na mara ya kwanza kusema kwamba ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu, ni njia mojawapo ya mauaji hayo. Ubakaji ulikuwa umeorodheshwa miongoni mwa uhalifu wa kivita tangu mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuorodheshwa ni jambo moja, kushtakiwa mtu ni jambo jingine.

Majaji walikwenda mbali zaidi. Walieleza ubakaji kuwa ni uvamizi wa mwili wa mtu, wenye asili ya kingono, unaofanywa katika mazingira ya kulazimishwa. Hawakutaka kuorodhesha viungo na vitendo kama orodha ya daktari. Walisema pia kwamba kulazimishwa si lazima kuwe kwa kupigwa. Vitisho vinatosha, na kuwapo kwa watu wenye silaha katikati ya mauaji kunatosha. Kisha walisema ukatili wa kingono unaweza kutokea bila hata mwili kuguswa. Mfano walioutoa ni wa msichana mwanafunzi aliyevuliwa nguo na kulazimishwa kufanya mazoezi ya viungo akiwa uchi mbele ya umati katika uwanja wa ofisi ya komini. Aliyelitoa tukio hilo mahakamani ni shahidi kutoka Taba. Bila yeye mfano huo usingekuwamo katika vitabu vya sheria vinavyosomwa leo duniani kote.

Itakuwa makosa kuishia hapa kana kwamba yote yalikwenda vizuri. Mwaka 2001, katika kesi ya Butare, majaji walicheka wakati shahidi aliyebakwa alipokuwa akihojiwa na wakili wa utetezi. Ilielezwa baadaye kwamba walikuwa wakimcheka wakili na si shahidi, lakini vyama vya manusura hapa Rwanda vilikasirika, na vikasimamisha ushirikiano na mahakama kwa muda. Mashtaka mengi ya ubakaji katika kesi zilizofuata yaliondolewa au hayakuthibitishwa. Lipo pia suala la dawa. Wanawake wengi waliobakwa waliambukizwa virusi vya UKIMWI, na kwa miaka kadhaa watuhumiwa waliokuwa rumande Arusha walitibiwa wakati mashahidi waliorudi vijijini hawakuwa na dawa. Shahidi alishinda kesi kisha akarudi nyumbani kuugua.

Kwa upande mwingine, mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, kwa makosa yaliyojumuisha ubakaji. Waziri wa wanawake! Njia iliyompeleka huko ilifunguliwa na wakulima wa Taba ambao wengi wao walikuwa hawajafika mbali shuleni.

Sasa ndipo kamera inaingia. Michele Mitchell alikuwa mwandishi wa habari. Yeye na Louvel waliwatafuta mawakili na wapelelezi wa kesi ile, akina Prosper na Darehshori, na pia Patricia Sellers, mshauri wa sheria aliyesisitiza kwamba ukatili wa kingono ushtakiwe. Walikuja pia Rwanda, wakakaa na Mukasarasi na wanawake wa Taba. Nick Louvel alifariki katika ajali ya gari Septemba 2015, wiki chache kabla ya filamu kuonyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza katika tamasha la Hamptons, jimbo la New York. Hakuiona ikipokelewa.

Katika filamu hiyo wanawake watatu waliokuwa wamejulikana kwa herufi tu wanaonyesha sura zao na kutaja majina yao. Nilipoitazama mara ya pili niligundua kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita. Hawasimulii kama watu wanaofungua siri. Wanasimulia kama watu wanaorudia jambo walilokwisha lisema kwenye meza ya majaji, mbele ya mshtakiwa mwenyewe. Filamu haikuwapa sauti. Iliikuta sauti yao, ikaichukua na kuipeleka mahali ambapo kumbukumbu za mahakama hazifiki: kwenye madarasa kama letu.

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya pili aliniuliza kwa nini sijaandika majina ya wanawake hao watatu, wakati wenyewe wameyataja. Tulibishana sana kuhusu jambo hili bwenini. Yeye alisema kwamba kuwaita kwa herufi ni kuwarudisha nyuma ya pazia. Ni hoja nzuri. Lakini mimi naona kwamba walichagua wenyewe nani wamwambie na lini, mbele ya watu waliowafahamu na kukaa nao. Uchaguzi huo ndio kitu kilichoporwa mwaka 1994, na mimi, mwanafunzi ambaye sijawahi hata kushuka kwenye basi pale Kamonyi, sitaki kuwafanyia uchaguzi mwingine. Anayetaka kuyajua majina yao aitazame filamu, ayasikie kutoka vinywani mwao.

Nahitimisha. Niliulizwa ni watu gani walio nyuma ya filamu. Jibu la kwanza ni rahisi: waongozaji wawili, mawakili waliohojiwa, na wote waliosaidia kazi hiyo. Jibu la pili ndilo lililonichukua muhula mzima. Nyuma ya waongozaji wapo mawakili, nyuma ya mawakili yupo Mukasarasi, na nyuma ya wote yupo mama anayeitwa J, aliyeulizwa kuhusu mauaji akajibu kuhusu binti yake. Kama asingesema, pengine hati ya mashtaka isingebadilishwa, na pengine pasingekuwa na filamu ya kutengeneza.

Kwetu sisi tunaojifunza historia nimepata funzo moja. Tunapomhoji mzee, tunakwenda na maswali tuliyoyaandika kwenye daftari, na akitoka nje ya swali tunamrudisha kwa adabu: "Bibi, tulikuwa tunazungumzia mwaka ule." Afadhali tumwache aendelee. Huenda hapo anapotoka nje ya swali ndipo historia ilipo.

Na kwa swali la pembeni mwa rasimu yangu, "Walikuwa kimya lini?", jibu langu ni kwamba sioni mwaka ambao naweza kuuandika. Walisema Taba mwaka 1994, walisema kwa wapelelezi mwaka 1996, walisema Arusha mwaka 1997, na walisema mbele ya kamera. Nimeifuta sentensi ile ya kwanza. Safari ijayo basi likifika Kamonyi nitakuwa macho.